Yamekaa Siku Ngapi?

Magoti ya bibi yangu yalipoanza kumkataza kushuka bondeni, mimi ndiye niliyegeuka macho yake mtoni. Kila likizo nikifika Simbo, baada ya shikamoo na marahaba, kabla hata sijafungua begi, ananiambia: "Mke mwenzangu, shuka kwanza ukaniangalizie." Mwanzoni nilidhani anataka kujua Luiche umejaa kiasi gani. Nikirudi nikamwambia maji yamenifika kiunoni, au yamefika kwenye shina la mkuyu mkubwa, alikuwa anapunga mkono tu. "Ya kiuno muulize mvuvi. Mimi nina mpunga. Yamekaa siku ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mtu aliyefika na gari la jana jioni atajuaje? Ndipo akaanza kunifundisha kusoma ukingo. Angalia nyasi, alisema. Zikiwa zimelala zote kuelekea ziwani na bado ni za kijani, mto ulipita usiku mmoja ukaenda zake. Zikiwa zimesimama lakini zimegeuka njano kuanzia chini, na ukizivuta zinatoka kirahisi na mizizi myeusi inayonuka kama yai viza, maji yalikaa juma zima au zaidi. Angalia na matete. Tope likiwa limeacha mstari mwembamba kwenye mabua, mto ulipanda na kushuka. Likiwa limeganda nene kama ukuta uliopigwa lipu, ulipanda ukatulia.

Leo nafundisha hisabati sekondari hapa Kigoma mjini, na mada ya takwimu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba swali la bibi ni la takwimu, tena takwimu zile ngumu. Tumezoea kuuliza mto una maji kiasi gani kwa wastani. Lakini mmea haunywi wastani. Mmea unajua kama leo mizizi yake imefunikwa au iko wazi, na kama jana ilikuwa hivyo hivyo, na juzi.

Asiyeijua Luiche nimweleze kidogo. Ni mto mfupi. Unakusanya maji ya milima iliyo nyuma ya Kigoma, unashuka kwa haraka, kisha unatandaa kwenye tambarare kusini mwa Ujiji na kuingia Ziwa Tanganyika. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, na kila mkulima anajua kwamba masika mto utajaa. Hilo si la kubahatisha. Linalobahatishwa ni siku. Mvua kubwa ikinyesha milimani usiku, alfajiri unaamka na mto mwekundu unaonguruma, na saa kumi jioni watoto wanavuka tena kwa miguu. Juma linalofuata kimya. Kisha mara tatu mfululizo. Huwezi kuiandikia kalenda.

Linganisha na Malagarasi. Huo ni mto wa takribani kilomita 475, wa pili kwa urefu nchini baada ya Rufiji. Unaanzia kule mpakani na Burundi, unazunguka mbali, na kabla ya kufika Uvinza kwenye chumvi unakuwa umeshapita vinamasi vikubwa, ukapokea na maji ya Moyowosi na Ugalla. Vinamasi hivyo vya Malagarasi na Muyovozi, vyenye kilomita za mraba 32,500, ndivyo vilivyokuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, Aprili 2000. Vinafanya kazi ya sifongo. Mvua ya usiku mmoja ikiingia humo haitoki kesho. Inatoka kidogo kidogo kwa majuma. Ukisimama kwenye daraja la Malagarasi mwezi Machi na ukarudi baada ya siku kumi, unaona mto ule ule umepanda kiasi fulani tu. Mto wa Luiche una hasira za ghafla, Malagarasi unakumbuka. Mimea ya kingo zake imejifunza tabia hizo mbili. Kwenye vinamasi vya Malagarasi mafunjo yametanda mpaka macho yanachoka, kwa sababu mafunjo yanataka maji yanayopanda taratibu na kukaa. Luiche ya juu, kabla ya tambarare, mafunjo huyaoni kabisa. Utaona mchanga mtupu, kisha ukanda wa matete, kisha mikuyu, kisha shamba la mtu.

Novemba 2020 tulikusanyika pale bondeni kupanda miti. Ofisi moja ilileta miche ya mikangazi, mizuri, imekuzwa kwenye viriba, urefu wa goti. Wanafunzi wangu walikuja na majembe. Kamba ikavutwa sambamba na mto, mita kumi kutoka kwenye maji, mashimo yakachimbwa kwa mstari ulionyooka. Picha zikapigwa. Mkangazi ni mti wa kandokando ya mito, kwa hiyo hakuna aliyekosea kuuchagua. Jioni nilimweleza bibi, naye akauliza mita kumi hizo zimepimwa kutoka wapi. Nikasema kutoka majini. "Maji ya Novemba?" Akanyamaza, kisha akasema: "Basi mmepanda mlangoni kwa mwenyewe."

Januari mto ulikuja mara mbili, ukaifunika miche, ukaondoka. Ilibaki imeinama na kujaa tope lakini hai, na mimi nilifurahi sana. Nilifikiri tumeshinda. Machi ulikuja mara ya tatu, na safari hii maji hayakuondoka upesi, kwa sababu ziwa lenyewe lilikuwa limepanda na mto ulikosa pa kumwagia. Nilirudi likizo ya Aprili nikakuta mstari wa vijiti vyeusi. Miche kumi na moja tu ndiyo iliyopona, yote juu ya kichuguu cha zamani kilichobomoka. Tofauti ya kimo kati ya kichuguu hicho na sehemu nyingine haizidi goti langu. Nilikaa pale nikalia, kwa kweli, maana wanafunzi walikuwa wamebeba miche hiyo kichwani kutoka barabarani.

Maumivu hayo ndiyo yaliyonipeleka kutafuta nini hasa kilichotokea. Na nilichokikuta kilinishangaza: kuna watu wameliandikia swali la bibi kwa milinganyo. Mwaka 2006 wahandisi wawili wa chuo kikuu cha ufundi cha Torino, Italia, Carlo Camporeale na Luca Ridolfi, walichapisha kielelezo cha uoto wa kingo za mito ambacho mwanafunzi mzuri wa kidato cha sita anaweza kukifuata mpaka karibu na mwisho. Walikataa kuuangalia mto kama bomba lenye maji ya kiasi kimoja. Walisema, chukua kipande kimoja cha ukingo, chenye kimo fulani. Kipande hicho kina hali mbili tu: ama kimefunikwa na maji, ama kiko wazi. Kikiwa wazi, mimea inaongezeka, polepole mwanzoni, kisha kwa kasi, kisha inafika ukomo wake, na ukomo huo unategemea maji ya chini ya ardhi yako umbali gani kutoka kwenye mizizi. Kikifunikwa, mimea inapungua. Nani anaamua zamu? Mto, kwa nasibu. Kama kurusha sarafu, ila sarafu hii ina kumbukumbu: ikiwa leo imefunikwa, kesho ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kufunikwa.

Kutoka kwa mto walihitaji mambo matatu. Wastani wa maji, ndiyo. Lakini pia ukubwa wa kupandashuka kwake kuzunguka wastani huo. Na la tatu, ambalo ndilo la bibi: mto unachukua muda gani kusahau hali yake. Ukibadilisha hayo mawili ya mwisho na kuuacha wastani ulivyo, uoto wa ukingoni unabadilika. Mito miwili yenye maji sawa kwa mwaka inaweza kuwa na kingo mbili zisizofanana hata kidogo.

Darasani nalieleza hivi. Tuseme kuna mche unaovumilia siku kumi chini ya maji, siku ya kumi na moja unakufa. Mwaka wa kwanza mto unaufunika siku arobaini, lakini kwa ziara kumi za siku nne nne. Mche unaishi. Mwaka wa pili unaufunika siku arobaini zile zile, kwa mkupuo mmoja. Mche umekufa, tena umekufa tangu juma la pili. Siku zilizobaki ni za bure. Jumla ni ile ile, wastani ni ule ule. Mwanafunzi mmoja wa kike aliyekaa nyuma aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo mwaka mzuri hauwezi kulipia mwaka mbaya?" Hauwezi. Huo ndio moyo wa jambo lote. Kukua na kufa havina mwendo mmoja. Mti unajengwa kwa miaka na kubomolewa kwa juma moja, kwa hiyo kupanda na kushuka kwa mto havifutani kama deni na malipo.

Kwa nini maji yanayokaa yanaua? Kwa sababu mizizi inapumua. Udongo mkavu una nafasi za hewa. Maji yakizijaza, oksijeni iliyomo huisha haraka, na hewa mpya hupenya kwenye maji kwa taabu sana. Mzizi unalazimika kuchoma chakula chake bila oksijeni, njia inayotoa nguvu kidogo na kuacha sumu ndani ya seli. Muhogo ndio wa kwanza kuoza. Mahindi machanga yakizama kabisa, siku chache zinatosha. Mpunga ni mwingine, na ndiyo maana bibi anauliza kwa utulivu kuliko jirani yake wa mahindi: ndani ya bua la mpunga kuna vifereji vya hewa vinavyoshusha pumzi kutoka kwenye majani hadi mizizini. Mafunjo na matete yana vifereji vya namna hiyo hiyo. Katiza bua la funjo uone lilivyo jepesi kama godoro. Lakini hata mpunga una mwisho wake ukifunikwa mpaka ncha za majani, kwa sababu pua nazo zimezama.

Mpaka hapa nimeutaja mto kama muuaji, na nikiishia hapo nitakuwa nimeusingizia. Kiangazi cha 2021, juu kidogo ya pale tulipopanda, mafuriko yale yale yaliyoua mikangazi yetu yalikuwa yameng'oa ukanda mzima wa matete na kuacha fungu la mchanga na tope laini, tupu kabisa. Mwezi Juni nilikuta limeota mikuyu. Hakuna aliyeipanda. Mbegu ya mkuyu ni ndogo kama chembe ya ulezi, hata zaidi. Inaletwa na ndege, popo na ngedere waliokula kuyu, na inapoanguka kwenye matete yaliyoshonana haina lake. Inataka ardhi yenye unyevu, yenye jua, isiyo na mwenyewe. Kitu cha kuipatia ardhi kama hiyo ni mafuriko tu.

Niliihesabu kila Jumamosi niliyopata nafasi, na kufikia Septemba niliona imejipanga. Ya juu kabisa ya fungu ilikuwa imekauka, maana maji ya chini yalishuka haraka kuliko mizizi yake ilivyoweza kuyafuata. Mahali pa chini kabisa ilikuwa imeshamiri, lakini Desemba mto uliporudi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kusombwa. Iliyobaki ni ya katikati, ukanda mwembamba unaofuata mkunjo wa mto kama upindo wa kanga. Jambo hili nalo lina watu wake. Mwaka 1998 John Mahoney na Stewart Rood, wakitazama mipopla, miti ya kingo za mito ya Alberta huko Kanada, walionyesha kwamba miche inayoota baada ya mafuriko inapona pale maji yanaposhuka taratibu, takribani sentimita mbili na nusu kwa siku, kwa kasi ambayo mzizi mchanga unaweza kuyakimbilia. Wakaeleza hasa ukanda huo wa katikati, si juu sana, si chini sana, na si kila mwaka. Mpopla siujui, sijawahi kuuona. Lakini nilipoisoma kazi yao niliuona upindo wangu wa kanga.

Na ukiondoa mafuriko kabisa? Kwenye mto Colorado, Marekani, bwawa la Glen Canyon lilipoanza kuzuia maji mwaka 1963, mafuriko makubwa ya kila mwaka yalikoma, na vichaka vikashuka kuvamia fukwe za mchanga zilizokuwa zikisafishwa na mto. Mwaka 1996 wahandisi walifungua bwawa kwa makusudi kwa siku saba ili kuurudishia mto kidogo ya tabia yake. Huku kwetu sihitaji kwenda mbali: wazee wa Rufiji wana kilimo kizima kinachoitwa mlau, cha kupanda mara maji yanapoondoka, na kilimo hicho hakina maana pasipo mto unaopanda na kushuka.

Nimelitaja ziwa, na hapo pana habari ambayo naipenda sana kwa sababu inageuza jambo upande wa pili. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga, ng'ambo ya pili upande wa Kongo. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alipoingia Lukuga kwa mtumbwi hakufika mbali. Mimea iliyotanda juu ya maji ilimzuia. Msafiri mwingine, Henry Stanley, alipofika miaka miwili baadaye alikuta bado pameziba kwa tope na matete. Ziwa lilikuwa linapanda, kwa sababu majani yamefunga mlango. Kisha maji yakashinda, kizuizi kikasombwa, na mmisionari Edward Hore, aliyekuwa akiishi hapa Ujiji tangu 1878, akaenda mwaka 1879 akakuta Lukuga unakwenda kwa nguvu. Ziwa likashuka mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo mto unaipanga mimea, na mimea nayo, ikipata utulivu wa kutosha, inaweza kulipanga hata ziwa lenye kina cha mita 1,470.

Sisi wa siku hizi tumeliona likipanda tena. Kuanzia 2020 maji yaliingia kwenye nyumba za watu na kwenye miembe na michikichi ya ufukweni kuanzia Kibirizi hadi Katonga. Kwenye mdomo wa Luiche kuna michikichi iliyokufa imesimama, isiyo na kichwa, kama nguzo za umeme zilizosahauliwa. Mchikichi mkubwa unavumilia mafuriko ya kupita. Ule haukupitiwa, ulikaliwa miezi.

Ndiyo maana nawasihi wanaopanda michikichi sasa, na ni wengi tangu serikali ilipoanza kulihimiza upya zao hili mwaka 2018 na kituo cha utafiti cha Kihinga kuzalisha mbegu bora. Mchikichi unakaa shambani zaidi ya miaka ishirini. Usichague sehemu ya kupanda kwa kuangalia mto wa mwaka huu, wala wa wastani. Waulize wazee maji marefu kuliko yote wanayoyakumbuka yalikaa wapi na kwa siku ngapi. Angalia mahali mikuyu mikubwa ilipo, kwa sababu mkuyu wa miaka hamsini ni shahidi kwamba hapo, kwa miaka hamsini, hakuna maji yaliyokaa ya kuua mkuyu.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita sitini kutoka kwenye mto ziachwe bila shughuli za kudumu. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila mita sitini za kulia kwenye Luiche ni mwinuko ambao maji hayajawahi kuufika, na mita sitini za kushoto ni tambarare ambayo mto unaitembelea kila masika na kupita zaidi. Mto wenyewe ulishapima. Vipimo vyake ni ukanda wa matete, upindo wa mikuyu na mahali nyasi za mlimani zinapoanza, na natamani wale wanaokuja na futi kamba washuke kwanza bondeni na bibi kizee mmoja wa pale kabla hawajapigilia vigingi.

Mikuyu ile ya katikati sasa imenipita urefu. Mikangazi ya kichuguuni imebaki tisa. Nimefunga vipande vya kitenge kwenye mkuyu mkubwa, kila kimoja kwenye kimo chake, na kijana wa jirani ananiandikia kwenye daftari asubuhi ambazo kila kipande kimezama.

Februari iliyopita mvua ilinyesha mfululizo. Nilifika Simbo Jumamosi, nikashuka moja kwa moja mtoni na viatu mkononi, kisha nikapanda kwa bibi. Alikuwa ameketi mkekani anachambua maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Yamekaa siku ngapi?"

"Sita, kwa daftari. Leo asubuhi yameondoka kwenye mikuyu midogo."

"Achana na daftari. Nyasi umezivuta?"

"Nimezivuta."

"Mizizi?"

"Bado nyeupe."